Kuhara damu kusikokoma: si kila mara ni amiba

MKAZI wa Masieda, wilayani Mbulu mkoani Manyara, anayeanza kupata choo chenye damu ana kila sababu ya kudhani kuwa ameugua amiba. Maji salama ni tatizo la vijiji vingi vya ukanda ule wa Mbulu na Hanang, mifugo na watu huishi kwa kukaribiana, na vidonge vya Flagyl hupatikana kwa bei ndogo katika duka la dawa lililo karibu. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi, na mgonjwa hupona.

Taabu huanza pale mgonjwa anapomaliza dozi, akapata nafuu ya wiki moja au mbili, kisha damu ikarejea. Hupewa dozi ya pili, halafu ya taifodi, halafu dawa za vidonda vya tumbo. Miezi hupita, nguo zinampwaya, na majirani huanza kunong'ona kuhusu Ukimwi au kurogwa. Wachache miongoni mwa wagonjwa wa namna hii wana maradhi ambayo hayatokani na amiba wala bakteria anayeweza kuuawa kwa vidonge vya siku saba. Kinga ya mwili wao wenyewe imeugeukia utumbo na kuushambulia.

Wataalamu wa tiba huyaweka maradhi hayo katika kundi moja, yaani magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo. Msomaji wa mjini anaweza kupata maelezo mengi kuyahusu kutoka Ulaya na Marekani. Lakini maelezo hayo hulipitia haraka jambo moja ambalo hapa kwetu ndilo lenye uzito kuliko yote: katika nchi yenye kifua kikuu, amiba na minyoo, dawa inayomwokoa mgonjwa mmoja inaweza kumuua mwingine mwenye dalili zile zile.

Majina yanayochanganya

Neno uvimbe lina kasoro yake katika Kiswahili. Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe tumboni, kwanza hufikiria saratani. Hapa uvimbe una maana ya ukuta wa utumbo kuwa mwekundu, kujaa maji, kuchubuka na kutoa damu, kama ngozi iliyoungua inavyofanya. Hakuna donge linalokua.

Magonjwa makuu katika kundi hili ni mawili. La kwanza ni vidonda vya utumbo mpana, ambalo lilipewa jina lake na daktari Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Uvimbe wake huanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu, nao hukaa katika utando wa ndani tu wa utumbo mpana. Ugonjwa huu hauna uhusiano na vidonda vya tumbo ambavyo Watanzania wengi wanavifahamu. Vile vya kawaida hukaa katika mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba, na mara nyingi husababishwa na bakteria au dawa za maumivu. Kwa sababu majina yanafanana, si ajabu mtu mwenye ugonjwa wa utumbo mpana kutibiwa ule wa mfuko wa chakula kwa miezi bila mafanikio.

La pili ni ugonjwa wa Crohn. Jina linatokana na Burrill Crohn wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, ambaye mwaka 1932 aliueleza pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Ugonjwa huu unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa hupenda zaidi pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Huruka sehemu na kuacha nyingine zikiwa nzima, na huchimba unene wote wa ukuta. Kwa hiyo unaweza kuubana utumbo mpaka chakula kishindwe kupita, au kutoboa njia zisizo za asili kati ya utumbo na kibofu, uke au ngozi ya makalio.

Chanzo hasa cha magonjwa haya hakijajulikana. Kinachokubalika ni kwamba mtu huzaliwa na mwelekeo fulani katika vinasaba vyake, kisha kitu katika mazingira, chakula au bakteria waishio tumboni huiamsha kinga ya mwili, nayo ikaendelea kupigana hata pasipo adui. Hayaambukizi, na mtu hawezi kuyapata kwa kula chungu kimoja na mgonjwa.

Dalili

Wengi huanza kuugua wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35, ingawa watoto na wazee hawajasalimika. Mwenye vidonda vya utumbo mpana huhara damu na kamasi, hushikwa na haja ya ghafla isiyosubiri, na hata usiku huamka kwenda chooni. Kuamka huko ni ishara muhimu. Ule ugonjwa wa tumbo kuvuruga kutokana na wasiwasi au chakula, ambao hauna uvimbe wala damu, kwa kawaida humwacha mtu alale.

Mwenye Crohn anaweza asione damu kabisa. Huwa na maumivu upande wa kulia, homa zinazokuja na kuondoka, kupungua uzito, na wakati mwingine majipu na matundu yanayotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa. Mtoto huacha kurefuka na huchelewa kubalehe.

Dalili nyingine huonekana mbali na tumbo, nazo huwapoteza hata waganga wazoefu: macho mekundu yenye kuuma, maungio ya magoti na vifundo kuvimba, vinundu vyenye maumivu kwenye miguu, vidonda vya mdomoni, na upungufu wa damu usiokwisha kwa vidonge vya madini ya chuma. Kuhara kwa maambukizi ya kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Kukivuka wiki nne huitwa sugu, na hapo kurudia dozi ile ile hakuna msingi.

Ugonjwa ulioitwa wa Wazungu

Kwa muda mrefu madaktari waliokuwa Afrika Mashariki waliamini kuwa maradhi haya hayapo huku. Mtetezi mashuhuri wa fikra hiyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Burkitt alikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi za vijijini Afrika na kuhitimisha kuwa magonjwa kadhaa ya utumbo ni nadra kwa watu wanaokula nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga.

Alikuwa na hoja, na utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa namna ya kula na kuishi mjini ina mchango fulani. Lakini hospitali isiyo na chombo cha kutazama ndani ya utumbo haiwezi kuukuta ugonjwa unaohitaji chombo hicho ili uonekane. Mwaka 1966 madaktari wawili walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza taarifa ya Waafrika wanne wenye vidonda vya utumbo mpana. Mwaka 1988 hospitali ya Baragwanath, Soweto, ilieleza wagonjwa wake 46 wa kwanza. Ugonjwa ulikuwapo; aliyekosekana ni wa kuutafuta.

Mfano wa Leicester, Uingereza, una mafunzo pia. Waasia wengi wa mji huo walitoka Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972. Mwaka 1992 madaktari wa huko waliripoti kuwa vidonda vya utumbo mpana viliwapata wakazi wenye asili ya India zaidi ya wenyeji Wazungu. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa damu ya Kizungu ulionekana kufuata mazingira mapya. Katika miongo ya karibuni, nchi zinazokua kiviwanda barani Asia, Afrika na Amerika ya Kusini zimeshuhudia idadi ya wagonjwa wapya ikipanda, huku Ulaya na Marekani Kaskazini kasi ikitulia.

Maziwa mabichi na pacha wa Crohn

Hapa ndipo Masieda na jirani zake wanapokuwa na habari ya pekee. Wairaqw na Wadatoga wa Mbulu na Hanang ni wafugaji, na maziwa ni sehemu ya chakula cha kila siku. Ng'ombe anaweza kuwa na kifua kikuu chake, kinachosababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ndugu wa yule wa binadamu. Mtu akinywa maziwa yasiyochemshwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa, bakteria huingia kwa njia ya koo na tumbo. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Sayoki Mfinanga, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu cha tezi mkoani Arusha, na katika baadhi yao walimkuta bakteria huyo wa ng'ombe. Mkoa wa Manyara ulikuwa umemegwa kutoka Arusha mwaka 2002 tu.

Kifua kikuu cha utumbo, kiwe cha bakteria wa binadamu au wa ng'ombe, hukaa pale pale Crohn inapopenda kukaa, yaani kwenye makutano ya utumbo mwembamba na mpana. Huleta homa, kukonda, maumivu ya kulia na utumbo kubana. Hata daktari aliyefungua tumbo na kuushika utumbo kwa mkono anaweza asijue ni upi. Si wote wenye TB ya utumbo wanaokohoa, wala picha ya kifua haionyeshi kasoro kwa wote. Kipimo cha kisasa cha vinasaba vya TB, ambacho kimeenea nchini, husaidia kikitoa jibu la ndiyo. Kikitoa hapana hakifungi mjadala, kwa kuwa bakteria katika ukuta wa utumbo huwa wachache.

Inafaa kutaja kuwa mwaka 1913, miaka 19 kabla ya Crohn, daktari wa upasuaji Thomas Kennedy Dalziel wa Glasgow alieleza wagonjwa wa aina hii na kusema matumbo yao yanafanana na ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kuhara wa Johne, unaoletwa na bakteria mwingine wa jamii ya kifua kikuu. Kama bakteria huyo ana mkono katika Crohn ya binadamu ni suala ambalo wanasayansi wamelibishania kwa zaidi ya miaka mia bila kufikia mwafaka.

Kosa katika kuwatenganisha mapacha hawa ni ghali. Dawa za Crohn hufanya kazi kwa kuituliza kinga ya mwili, na kinga ndiyo inayokifungia kifua kikuu. Mwaka 2001 ilichapishwa nchini Marekani taarifa ya wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kupewa infliksimabu, dawa ya sindano iliyoidhinishwa kwa Crohn mwaka 1998. Tangu hapo hakuna anayepaswa kuanzishiwa dawa ya kundi hilo kabla ya kuchunguzwa TB. Kwa upande wa pili, mwenye Crohn akipewa dawa za TB kwa miezi sita huku utumbo ukiendelea kubana, anaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji.

Katika nchi zenye TB nyingi, madaktari wakishindwa kuamua kwa vipimo, huanza na dawa za TB, ambazo hapa nchini hutolewa bure, kisha huutazama tena utumbo baada ya miezi miwili au mitatu. Vidonda vikiwa vimepona, ilikuwa TB na dozi huendelea. Vikiwa vimebaki vile vile, mawazo huhamia Crohn, ingawa TB sugu kwa dawa nayo hukumbukwa. Njia hii inaonekana ya kubahatisha, lakini hatari yake ni ndogo kuliko ya kuanza na dawa za kushusha kinga.

Wengine wanaofanana nao

Amiba ina hadithi yake. Anayetazama choo kwa darubini huona vifuko vya mdudu huyo, lakini kwa macho hawezi kutofautisha amiba anayeua na ndugu yake asiye na madhara, ambao vifuko vyao vinafanana kabisa. Kwa hiyo karatasi ya maabara iliyoandikwa "amiba" haithibitishi kuwa damu inatoka kwake. Hata hivyo, amiba wa kweli ni lazima aondolewe kwanza: mgonjwa wake akipewa prednisoloni kwa kudhaniwa ana vidonda vya utumbo mpana, utumbo unaweza kutoboka.

Mwingine wa kuogopwa ni mnyoo mdogo sana uitwao strongiloidesi, unaoingia kwa ngozi ya mguu mtupu kutoka udongoni. Unaweza kuishi ndani ya mtu kwa miongo, kimya kabisa, kwa kuwa huzaliana humo humo. Mtu huyo akipewa prednisoloni, kinga hushuka na minyoo huenea mwili mzima, mara nyingi kwa kifo. Kinga yake ni rahisi kupita kiasi: dozi ya ivamektini, dawa ile ile iliyogawiwa katika kampeni za usubi na matende, kabla ya kuanza dawa za kushusha kinga.

Kichocho cha matumbo, hasa kwa waliokulia kando ya Ziwa Victoria, nacho huleta damu chooni, na maambukizi ya VVU huleta kuhara kwa aina nyingi. Kipimo chake ni cha lazima. Kwa aliyevuka miaka 50, damu chooni ni saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Jina la Haydom, hospitali ya Kilutheri inayowahudumia watu wa Masieda na vijiji jirani tangu mwaka 1955, linajulikana kwa watafiti wa utumbo duniani kwa sababu tofauti kidogo. Ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 na kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa katika Tanzania, Afrika Kusini, Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil na Peru. Uligundua kuwa watoto wengi hubeba vimelea vya kuhara bila hata kuhara, na utumbo wao huwa na uvimbe wa chini chini unaoendana na kudumaa. Jaribio lililofuata huko Haydom, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, liliwapa watoto zaidi ya 1,000 dawa za vijidudu na vitamini kwa ratiba maalumu, na urefu wao haukuongezeka. Hali hiyo si Crohn wala vidonda vya utumbo mpana. Lakini inaeleza kwa nini kipimo cha kisasa cha kalprotektini, ambacho hupima uvimbe kwa kutumia choo na kusifiwa sana Ulaya, kinatakiwa kusomwa kwa tahadhari vijijini kwetu. Kikiwa chini, uwezekano wa ugonjwa ni mdogo. Kikiwa juu, sababu zaweza kuwa nyingi.

Safari ya kipimo

Jibu la uhakika hupatikana kwa kolonoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa baada ya utumbo kusafishwa kwa dawa ya kuharisha. Daktari hutazama, kisha hukata vipande vidogo vya nyama kutoka sehemu zilizoharibika na hata zinazoonekana nzima. Mgonjwa hasikii kukatwa huko. Vipande hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho, au karibu na la mwisho.

Kipimo hiki hufanyika katika hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam. Kutoka Haydom hadi Arusha pekee ni takriban kilomita 300, na Moshi ni mbele zaidi. Nauli, malazi ya mgonjwa na msindikizaji, siku za kazi zinazopotea na gharama ya kipimo chenyewe ndivyo vinavyofanya watu warudi kwenye Flagyl. Kwa mtazamo wa mwandishi, safari moja ya namna hiyo, iliyoandaliwa vizuri, huwa nafuu kuliko mwaka mzima wa dozi zisizo na jibu. Ila maandalizi yanahitajika. Kabla ya kuondoka, vipimo vinavyowezekana karibu na nyumbani vikamilishwe: wingi wa damu, choo mara tatu kwa siku tofauti, VVU, picha ya kifua, makohozi kwa anayekohoa, na picha ya ultrasaundi ya tumbo. Majibu yote yaambatane na barua ya rufaa, pamoja na orodha ya dawa zilizokwisha kutumika na tarehe zake.

Dawa

Hakuna dawa inayoufuta ugonjwa wa Crohn. Vidonda vya utumbo mpana huisha kabisa kwa kuuondoa utumbo mpana wote tu. Hilo likieleweka, lengo la tiba huwa kuuzima moto na kuuweka umezimwa.

Kwa vidonda vya utumbo mpana visivyo vikali, dawa ya msingi ni mesalazini au ndugu yake mkongwe, salfasalazini. Hii ya pili ilibuniwa nchini Sweden mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa juhudi za daktari Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta dawa ya maungio na kukuta matumbo ya wagonjwa nayo yanatulia. Ni ya bei nafuu kuliko mesalazini. Lakini ina salfa ndani yake, na Watanzania waliougua malaria kati ya mwaka 2001 na 2006, wakati dawa ya salfa ilipokuwa chaguo la kwanza la taifa, wanakumbuka kuna waliobabuka ngozi. Aliyewahi kupata mzio huo asiitumie. Wanaoitumia huongezewa vidonge vya foliki asidi. Kwa wanaume hupunguza mbegu za uzazi, hali inayorudi kuwa ya kawaida dawa ikisitishwa, na mkojo kugeuka rangi ya machungwa si jambo la kushtua. Ugonjwa ukiwa umeishia karibu na njia ya haja kubwa, dawa ya kuingiza huko huko hufanya kazi vizuri kuliko vidonge, ingawa wagonjwa wengi huona haya kuitumia.

Ugonjwa ukipamba moto, hutumika prednisoloni. Jaribio la Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford, lililochapishwa mwaka 1955, ndilo lililothibitisha kuwa dawa za jamii hii huokoa maisha ya wenye vidonda vya utumbo mpana. Hao hao walitoa kipimo cha hatari kinachotumika hadi leo: kupata choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, mapigo ya moyo kuzidi 90 kwa dakika au damu kupungua sana. Mtu wa hali hiyo hatakiwi kutibiwa nyumbani. Tumbo likijaa na kuwa gumu, au damu ikatoka nyingi mfululizo, ni dharura ya upasuaji.

Prednisoloni ina sifa mbaya ya kumfanya mgonjwa ajisikie vizuri mno ndani ya siku chache. Ni rahisi, inapatikana, na wapo wanaoinunua wenyewe na kuimeza kwa miaka. Huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hulainisha mifupa na hufungua mlango wa maambukizi. Haizuii ugonjwa kurudi. Hutolewa kwa wiki kadhaa, dozi ikishushwa hatua kwa hatua; aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzimia na hata kufa, kwa kuwa mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake.

Kwa wanaorudiwa mara kwa mara kuna azathioprini, ambayo huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuonyesha kazi na hudai damu ipimwe mara kwa mara, kwani inaweza kuangusha chembe nyeupe au kudhuru ini. Daktari anayemwandikia mkazi wa kijijini dawa hii anapaswa kwanza kuuliza atapimiwa wapi. Dawa za sindano kama infliksimabu na adalimumabu zina nguvu zaidi na gharama inayowashinda wengi, pamoja na ile hatari ya TB.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha ugonjwa. Parasetamoli ni salama zaidi. Sigara huongeza ukali wa Crohn waziwazi.

Chakula

Swali la kwanza la kila mgonjwa ni chakula gani aache. Pilipili, maharage wala nyama nyekundu havikusababisha ugonjwa huu. Wakati wa moto, tumbo huvumilia zaidi uji laini, wali, ndizi za kupikwa, mtori, viazi, mayai na samaki, kwa milo midogo mingi. Mwenye Crohn iliyobana utumbo aepuke makande, mahindi ya kuchoma, miwa na mboga zenye nyuzi ngumu, kwani vinaweza kuziba njia. Moto ukitulia, arudi kwenye chakula cha nyumbani. Wanaojinyima kila kitu kwa hofu hukonda kwa njaa kuliko kwa ugonjwa.

Wapo wanaowashauri Waafrika waache maziwa, kwa hoja kuwa matumbo yao hayayameng'enyi. Kwa watu wa Manyara ushauri huo unahitaji kupimwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kuwa wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko lao wenyewe la kinasaba linalowawezesha kunywa maziwa wakiwa watu wazima, tofauti na lile la Wazungu. Mgonjwa anayeyavumilia ayanywe, yakiwa yamechemka.

Uzazi na miaka ya mbele

Mwanamke mwenye ugonjwa huu anaweza kupata mimba na kujifungua salama, hasa akishika ujauzito wakati ugonjwa umetulia. Dawa nyingi zilizotajwa, ikiwamo salfasalazini, huendelea kutumika. Kuziacha kwa hofu na kuuruhusu ugonjwa uwake ndiyo hatari kubwa kwa mtoto. Methotreksati, inayotumiwa na baadhi ya wenye Crohn, ni marufuku kwa mjamzito na kwa anayepanga kuwa mjamzito.

Ugonjwa uliokaa muda mrefu katika sehemu kubwa ya utumbo mpana huongeza uwezekano wa saratani. Kwa sababu hiyo kolonoskopi ya kuitafuta hupendekezwa miaka minane baada ya dalili kuanza, kisha kwa vipindi vya mwaka mmoja hadi mitano kulingana na hali iliyokutwa. Mkazi wa Masieda aliyeanza kuugua akiwa na miaka 25 atatakiwa kuifunga tena safari ya Moshi atakapofika miaka 33, hata kama wakati huo atakuwa hajaona tone la damu kwa muda mrefu.